SOMO LA MAKATIBU: KUBADILI JINA LA MSIMAMIZI WA TOVUTI YA CHAMA



Kasha la fedha lenye kufuli mbili hushikwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Mwizi aliyekwisha kuupata mmoja amebakiwa na nusu ya kazi tu. Tovuti ambayo chama hujiendeshea chenyewe nayo ina funguo mbili: jina la msimamizi na neno la siri.

Somo hili lahusu tovuti zinazotumia programu ya WordPress. Kabla ya toleo 3.0, lililotoka mwaka 2010, programu hiyo ilimpa kila msimamizi jina moja, "admin". Tangu hapo mwenye tovuti hujichagulia jina, ila wapo waliobaki na lile la zamani. Mwezi wa Aprili 2013 wavamizi walitumia maelfu ya kompyuta kuzijaribu tovuti zenye jina hilo, neno la siri moja baada ya jingine. Ufunguo wa kwanza walikuwa nao tayari.

Programu hairuhusu jina la kuingilia kubadilishwa katika ukurasa wa mtumiaji. Kwa hiyo huundwa jipya, kisha la zamani huondolewa:

1. Toa nakala ya akiba ya tovuti nzima pamoja na hifadhidata yake, uiweke mahali pengine.

2. Ingia kwa jina la zamani, uongeze mtumiaji mpya, umpe cheo cha msimamizi. Anwani moja ya barua pepe haikubaliwi kwa watumiaji wawili; tumia nyingine.

3. Toka, kisha ingia kwa jina jipya. Hakikisha kwamba kazi zote za usimamizi zafanyika.

4. Futa jina la zamani. Hapa ndipo penye hatari. Programu itauliza kama maandiko ya mtumiaji huyo yafutwe au akabidhiwe mwingine. Chagua kuyakabidhi kwa jina jipya. Ukichagua kufuta, matangazo ya mikutano na taarifa zote zilizowekwa kwa jina hilo zitaondoka nalo.

Chama kinapobadili katibu, vitabu havichomwi; hukabidhiwa. Ndivyo ilivyo hapa.

Hata hivyo, jina jipya peke yake si ngao. Laweza kuonekana katika anwani ya ukurasa wa mwandishi. Basi neno la siri na liwe refu, lisilotumika kwingine. Kila ofisa awe na jina lake, ili kamati ijue nani alifanya nini, na aondokapo jina lake liondolewe.

Maswali ya kujadili:

(a) Ni nani chamani mwetu ajuaye jina na neno la siri la tovuti?

(b) Nakala ya akiba ya mwisho ilitolewa lini, nayo iko wapi?

(c) Ofisa aliyeondoka karibuni, je, jina lake limekwisha kuondolewa?