Ujumbe wa Hitilafu Baada ya Kompyuta Kusafishwa Virusi: Chanzo Chake na Namna ya Kuuondoa

Mara nyingi kompyuta iliyokwisha kusafishwa virusi huendelea kulalamika kila iwashwapo. Kisanduku kidogo chenye jina RunDLL hutokea kwenye kioo, na ndani yake mna maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba faili fulani imeshindwa kupakiwa kwa sababu haikuonekana. Wengi hudhani kuwa ugonjwa haujaisha. Baadhi yao hufuta mfumo mzima na kupoteza kazi ya miaka mingi. Wengine huitafuta faili hiyo katika intaneti ili wairudishe, na kwa kufanya hivyo huvikaribisha virusi mara ya pili. Hapana budi basi kukielewa chanzo cha ujumbe huo kabla ya kuanza kuutibu.

Chanzo cha ujumbe

Katika mfumo wa Windows, programu haianzi kazi pasipo kuitwa. Mfumo huo una hazina ya maagizo iitwayo Rejista, na ndani yake zimo orodha zenye jina la Run. Mtumiaji anapoingia, mfumo husoma orodha hizo na kuziita programu zote zilizoandikwa humo. Programu haribifu, kwa kuwa yataka kufufuka kila mashine iwashwapo, nayo hujiandikisha humo.

Kwa hiyo maambukizo huleta vitu viwili: faili yenyewe, na agizo la kuiita. Kingavirusi hufuta faili, lakini mara nyingine huliacha agizo. Hali hiyo yafanana na tarishi wa ofisi aliyepewa orodha ya watu wa kuitwa kila asubuhi. Mmoja wao amekwisha kuhama, lakini jina lake halikufutwa. Tarishi ataendelea kwenda kwake, kisha arudi na jibu lile lile: hayupo.

Mfano wa Conficker

Conficker, programu haribifu iliyoweza kusambaa yenyewe katika mitandao, iligunduliwa mwezi Novemba 2008, ikaambukiza mamilioni ya kompyuta duniani. Ilipenya kwa njia ya dosari ambayo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa yake tarehe 23 Oktoba 2008. Aina zake zilizofuata zilienea kwa flashi pia. Faili yake ilikuwa ya jamii ya DLL, yaani faili isiyoweza kujiendesha bali hupakiwa na programu nyingine. Ndiyo sababu katika orodha ya Run iliandika agizo la kuitaka programu iitwayo rundll32.exe iipakie. Faili ikifutwa na agizo likibaki, rundll32.exe hutoa taarifa kwamba haikuona kitu.

Yafaa kuonya hapa kwamba rundll32.exe ni sehemu halali ya Windows. Kuifuta ni kumwadhibu tarishi kwa habari aliyoileta.

Kovu au kidonda?

Kazi ya mchunguzi ni kupambanua kama ujumbe ni kovu la ugonjwa uliopona au ni dalili ya kidonda kibichi. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, andika kwenye karatasi jina kamili la faili na folda inayotajwa.

Pili, huisha kingavirusi, kisha ukague diski yote. Windows 10 na Windows 11 zina ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla mfumo wenyewe haujaanza kazi, hata virusi visipate nafasi ya kujificha.

Tatu, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, uitazame orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashine. Ukiliona agizo linalohusika, lizime, usilifute. Lisipoonekana, tumia Autoruns, programu ya bure iliyotungwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell. Hii hukusanya maagizo ya Run, huduma za mfumo na kazi zilizopangiwa saa. Agizo ambalo faili yake haipo hupakwa rangi ya manjano. Ondoa alama kwenye agizo lenye jina uliloliandika, na mengine uyaache.

Nne, zima mashine, uiwashe tena. Ujumbe usipotokea na agizo lisipojirudisha, hilo lilikuwa kovu. Sasa waweza kulifuta. Lakini agizo likijirudisha, au likizuka jingine lenye jina geni, fahamu kwamba ipo programu hai inayoliandika upya. Hapo itenge kompyuta na mtandao, weka nakala za nyaraka zako bila ya programu, sakinisha Windows upya, kisha badilisha maneno yako ya siri.

Tahadhari

Kuna agizo moja lisilofaa kuzimwa kamwe. Nalo ni Userinit, katika sehemu ya Rejista iitwayo Winlogon, ambalo kwa kawaida huitaja faili ya C:\Windows\system32\userinit.exe. Baadhi ya programu haribifu hubadilisha agizo hili na kuweka jina lao. Kingavirusi ikifuta faili hiyo pasipo kusahihisha agizo, mtumiaji huingia na papo hapo hutolewa nje. Dawa yake ni kurudisha jina la asili, kazi ambayo afadhali ifanywe na fundi mwenye ujuzi, baada ya kuweka nakala ya Rejista.

Kwa kifupi, ujumbe wa hitilafu ni taarifa inayostahili kusomwa neno kwa neno. Faili inayotajwa kuwa haipo isitafutwe. Litafutwe agizo linaloiita.