Jiko la Kerala

Ukitajiwa filamu za Kihindi labda wafikiria nyimbo na ngumi tu. Kumbe jimbo la Kerala, kusini mwa India, lina filamu zake kwa lugha ya Kimalayalam, nazo husema mambo ya nyumbani waziwazi. Chemmeen ya 1965 yahusu wavuvi wanaoamini kuwa mke asipokuwa mwaminifu, bahari humchukua mumewe. Lawama yote kwa mke, jamani!

Iliyonigusa mimi ni The Great Indian Kitchen ya Jeo Baby (2021). Bi arusi apika, afagia, aosha. Baba mkwe hataki wali wa sufuria ya presha, ataka wa moto wa kuni. Nguo zake nazo zisifuliwe kwa mashine. Wanaume hula kwanza na kuacha makombo mezani. Akiwa hedhini anatengwa. Bomba la sinki lavuja, na mume kila siku anasahau kuita fundi. Mwishowe mke anawamwagia yale maji machafu, huyoo, akaondoka.

Niliitazama kwa simu ya kaka yangu huku mama akiosha vyombo. Sahani yangu ilikuwa humo. Nikaenda kuiosha mwenyewe. Mama akaniuliza kama nina homa.