Mfunze Punda Wako Bila Fimbo

Katika vichochoro vya Lamu, punda mwenye hofu ni hatari kwa wapita njia. Mfugaji, fimbo humfunza punda kukuogopa. Akisimama ghafla, mara nyingi si ukaidi, anapima hatari.

1. Mzoeze mwanapunda kuguswa shingo, mgongo na miguu, dakika chache kila siku.
2. Akitii, mkune au mpe nyasi kidogo papo hapo. Tuzo ikichelewa, hatajua sababu yake.
3. Mwache anuse shogi tupu kabla ya kumvika. Mzigo usubiri hadi akomae.

Punda aliyezoea kazi akigoma, kagua kwanza vidonda mgongoni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Lamu ina kliniki ya punda tangu mwaka 1987.