Kaya 500 Zilizoifungulia Njia Inua Jamii

Hifadhi ya jamii ni mipango inayomkinga mtu asikose chakula, matibabu au masomo kwa sababu ya uyatima, uzee, ulemavu au umaskini. Nchini Kenya hii ni haki: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu. Wakazi wengi huijua kupitia Inua Jamii. Wachache hukumbuka kwamba mizizi ya mpango huo imo hapa Kwale.

Ulianzaje?

Mwaka wa 2004, UKIMWI ukiwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya na shangazi, Serikali ilishirikiana na UNICEF kufanya jaribio katika kaya 500 za Kwale, Garissa na Nairobi. Kila kaya ilipewa shilingi 500 kwa mwezi. Kuanzia 2007 kiwango kilikuwa shilingi 1,500, na watafiti wakalinganisha kaya zilizolipwa na ambazo hazijafikiwa katika wilaya saba, Kwale ikiwemo.

Tulijifunza nini?

Kwanza, pesa zilimfikia mtoto. Watoto wengi zaidi waliingia shule ya upili na kupata vyeti vya kuzaliwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha pia kwamba mimba za mapema zilipungua katika kaya zilizolipwa.

Pili, idadi ya watu nyumbani ni muhimu. Kila kaya ilipata kiasi kile kile, hivyo kaya ndogo zilinufaika zaidi kuliko zenye watoto wengi.

Tatu, masharti yanahitaji kupimwa. Tangu 1997, Mexico ililipa akina mama kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Kenya ilijaribu njia zote mbili: kukata pesa sharti likivunjwa, na kulipa bila adhabu. Tathmini haikuthibitisha kwamba adhabu ndiyo iliyoleta mafanikio.

Mafunzo haya yamechambuliwa pamoja na yale ya Zambia, Malawi na Ghana, na kuzisaidia nchi nyingine kupanga. Majirani nao wana la kufundisha. Aprili 2016, Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Mwaka wa 2018, Kenya nayo ilianza kuwalipa wazee wa umri huo wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Jukumu la mkazi

Wataalamu hubadilishana ujuzi, lakini anayejua kwamba mtoto fulani amefiwa ni jirani yake. Inua Jamii husimamiwa na Serikali ya Kitaifa. Ukiwa Diani, Msambweni, Kinango au Lunga Lunga, anzia kwa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Mlezi akifariki, toeni taarifa mapema ili mlezi mpya aandikishwe. Mkichelewa, malipo yanaweza kukwama huku mtoto akihitaji chakula na karo.

Maswali ya kujadili barazani

1. Je, kaya yenye watoto wanane ilipwe sawa na yenye wawili?
2. Ni nani kijijini mwetu anayestahili msaada lakini jina lake halijafika ofisini?
3. Nani atalipeleka, na lini?