Somo: Kuosha Miguu ya Aliyetukosea

Kwa somo hili kila nyumba isome Yohana 13:1-30, Wafilipi 2:1-11 na 1 Wakorintho 13. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Habari ya Bwana kuosha miguu ya wanafunzi tunaijua tangu utoto. Aliondoka mezani, akaweka mavazi yake kando, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika beseni, akapiga magoti. Katika nchi ile watu walitembea mavumbini, na kazi ya kuosha miguu ya wageni ilikuwa ya mtumishi wa chini kabisa wa nyumba. Ndiyo sababu Petro alikataa. Aliona haya kwa ajili ya Bwana wake.

Wahubiri wengi wanafika kwa Petro na kufunga kitabu. Sisi tunawaomba muendelee mpaka mstari wa 30. Hapo Yuda Iskariote anatoka nje, na ni usiku. Anatoka baada ya kuoshwa. Basi Bwana alipiga magoti mbele ya Yuda pia, akashika miguu ambayo muda kidogo baadaye ingekwenda kumwuza, naye alijua. Hakubadilisha maji ya beseni alipofika kwake. Hakumpita.

Sasa tulete neno hili hapa kwetu Lweba, na kando yote ya ziwa.

Mwaka 1996 vita vilipoingia Kivu ya Kusini, watu wengi wa Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, wakaenda Kigoma. Walipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, na baadaye Lugufu. Vita vya 1998 vilisukuma wengine tena, na mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka ule hakuna mtu wa huku asiyeyajua. Kuanzia Oktoba 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009.

Miaka tisa si siku tisa. Aliyerudi alikuta nyumba imeanguka na kiwanja kinalimwa. Mara nyingi anayelima hakuwa mgeni: alikuwa mtoto wa baba mdogo, jirani, au mtu ambaye zamani walivua ndagala katika mtumbwi mmoja. Aliyerudi anasema: «Michikichi hii baba yangu aliipanda.» Aliyebaki anasema: «Ni kweli, lakini wewe ulipokuwa unakula unga wa kambi, mimi nilifyeka shamba hili huku risasi zikilia, na mtoto wangu nimemzika hapa.» Tunajua kwamba mchikichi hauzai mwaka wa kwanza, unadai miaka mitatu au minne ya jasho. Basi wote wawili wana neno la kweli mdomoni. Na sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali, sisi tuna haki ya kuutumia tu. Watu wawili wanatukanana mpaka makaburini kwa ajili ya udongo ambao, kwa sheria, si wa mmoja wao!

Kutoka hapo yakazaliwa majina mawili: waliokimbia na waliobaki. Wamerithishwa mpaka watoto waliozaliwa baada ya vita. Mtu anaweza kuketi ibadani karibu na mwenzake na kupokea baraka moja, lakini wakifika njiani kila mmoja anapita upande wake.

Sasa tuseme jambo ambalo katika mafundisho mengi linageuzwa. Kesi ikifika kwa wazee, ni nani anayeambiwa kwanza «nyenyekea»? Ni mama mjane. Ni yatima. Ni yule aliyerudi bila karatasi, hana ndugu katika ofisi wala kijana mwenye bunduki porini. Wanamwambia: «Mama, wewe ni mkristo, achilia.» Naye anaachilia, anakwenda kupanga chumba cha udongo, na kila mtu anasema upendo umeshinda. Hapana. Tusome tena Wafilipi 2. Aliyeshuka ni yule aliyekuwa juu. Tusome tena Yohana 13. Aliyepiga magoti ni Bwana na Mwalimu, na beseni alilichukua mwenyewe. Hakumtuma mdogo kati yao aoshe kwa niaba yake. Unyenyekevu unadaiwa kwanza kwa mwenye nguvu: mwenye karatasi, mwenye pesa, mwenye kabila kubwa kijijini, mzee anayesikilizwa na chefu. Yeye ndiye wa kuondoka mezani.

Mkono mtupu hauoshi mguu. Mwenye nguvu anaweza kumwita mwenzake bila mashahidi na kumwambia: «Kata nusu ya michikichi, mawese ya mwaka huu tugawane, na mpaka tuupande isale mbele ya watoto wetu.» Hapo amepoteza kitu. Wenzake watamcheka na kusema amekuwa mpumbavu. Petro naye aliona ni upumbavu.

Kuhusu wageni, Mungu ametupa mtihani mwingine. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ilifunguliwa hapa Fizi kwa ajili ya Warundi waliokimbia kwao. Mama aliyewahi kusimama kwenye mstari wa unga kule Nyarugusu alijikuta mwenyeji, na mama wa Kirundi akasimama na ndoo kwenye kisima kile kile. Waliokumbuka Kigoma walisogeza ndoo zao. Walikuwepo pia waliosema maji ni ya wenye nchi. Ni neno lile lile walilolisikia wao ng'ambo ya ziwa, na liliwauma.

Tena, sisi watu wa maono na unabii tuisome 1 Wakorintho 13 polepole. Mtume hasemi unabii ni mbaya. Anasema mwenye kujua siri zote bila upendo si kitu. Mtu akifunga siku saba, akavua viatu mlangoni pa hekalu, akasimama kutabiri juu ya nyumba ya jirani ambaye amemnyima kiwanja, ndoto hiyo ipimwe. Wazee wana haki ya kumwuliza: shamba la ndugu yako liko wapi?

Maswali ya kujibu nyumbani, baba na mama pamoja na watoto:

Kwa nini Bwana hakungoja Yuda atoke kwanza, ndipo aoshe miguu ya waliobaki?

Katika kijiji chetu, ni nani ambaye akija ibadani watu wanasogea ili asikae karibu nao? Atajwe ndani ya nyumba, si barabarani.

Katika ugomvi wa shamba tunaoujua, nani yuko juu na nani yuko chini? Aliye juu afike kwa mwenzake kabla ya Meza ya Bwana, asitume mtoto.