Funzo: Kumpokea Mwanafunzi Shambani



Msimu mmoja tulimpokea kijana wa skuli ya sekondari aje ajifunze kazi ya karafuu. Siku tatu nzima tulimpa polo abebe. Siku ya nne tulikwenda mazikoni, tukamwachia majamvi. Mvua ikaja. Kijana akazizoa karafuu mbichi zote, akazirundika bandani na kuzifunika turubai. Asubuhi rundo lilikuwa la moto, na zilipokauka zilikuwa zimepauka na kusinyaa. Tukamgombeza sana. Akajibu kwa adabu: "Samahani, ami, nani kanifunza?"

Tangu siku ile twajua ya kuwa kosa lilikuwa letu. Serikali ya Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na kituo kimoja kipo Vitongoji, hapa Pemba. Lakini seremala hufunzwa karakanani, na karakana ya karafuu ni shamba letu. Basi anapokuja mwanafunzi, yafaa tuyashike haya matano.

Kwanza, mapatano. Mzazi, mwalimu na mwenye shamba wakubaliane mapema siku, saa na kazi. Aje wakati wa likizo, masomo yasikatizwe. Akifanya kazi ya mchumaji, alipwe kama mchumaji. Akija kujifunza, asigeuzwe mchukuzi wa bure.

Pili, asipande juu. Tawi la mkarafuu huvunjika upesi, na sote twawajua walioanguka. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, wakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18. Nasi twakuhesabu kupanda mkarafuu mrefu kuwa mojawapo. Afunzwe kwa matawi ya chini, miguu yake ikiwa ardhini: achume shada ambalo vitumba vyake vimejaa na vimeanza kuona wekundu, kabla havijachanua.

Tatu, kuchambua na kuanika. Makonyo yatengwe na karafuu siku ile ile. Aanike juu ya jamvi safi, si barabarani, tabaka iwe nyembamba, na azigeuze. Mvua ikija, azitandaze ndani penye hewa, asizirundike. Tena mwambieni na sababu yake: karafuu mbichi ina maji mengi, na rundo lililofunikwa hupata joto likavunda. Jua likiwa zuri, siku nne au tano hutosha. Avunje moja kwa vidole; iliyokauka hukatika kwa mlio.

Nne, mizani na daftari. Apime mbichi, kisha apime kavu. Ataona mwenyewe ya kuwa kilo 30 mbichi hurudi kama kilo 10. Aandike pishi za kila mchumaji, ujira uliolipwa na gharama ya palizi. Hapa kijana aweza kutufunza sisi, maana wengi wetu twauza, twala, na hatujui shamba limetuachia nini.

Tano, kitalu. Mpeta uliowiva huloweshwa, humenywa na kupandwa upesi, kwani ukikauka hauoti. Miche hutaka kivuli na maji. Mpeni kijana mche mmoja uwe wake. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, naye atakapouchuma atakuwa mtu mzima mwenye haja ya shamba.

Twasikia wazee wakilalamika kuwa vijana hawaitaki karafuu. Huenda ni kweli. Lakini aliyeonjeshwa polo peke yake hajaionja karafuu. Ameonja uzito wake tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kabla ya msimu ujao, kila mwanachama ajiulize maswali haya, na majibu tuyazungumze mkutanoni:

1. Shambani kwangu kuna kazi gani ambayo kijana hawezi kuiona skuli?

2. Nani atakaa naye siku ya kwanza, akamwonesha kwa mikono?

3. Akiharibu kitu, je, nilikuwa nimemfunza?