Kuweka Upya Windows Bila Kupoteza Faili Wala Programu

Katibu wa chama cha akiba anapeleka laptopu kwa fundi asubuhi kwa sababu inachukua robo saa kuwaka. Jioni anaichukua ikiwa nyepesi, inawaka upesi kama iliyotoka dukani. Anapotafuta daftari la michango ya wanachama, folda ni tupu. Fundi naye anashangaa: aliambiwa mashine itengenezwe, na imetengenezwa. Hakuna aliyeuliza kilichokuwa ndani.

Visa vya aina hii husikika mara kwa mara, na mara nyingi hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mkanganyiko huanzia kwenye neno moja. Watu wengi husema "kufomati" wakimaanisha kuweka upya mfumo endeshi, yaani ile programu kuu, kama Windows, inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kufomati ni kufuta diski. Kuweka upya mfumo ni kuondoa faili za Windows zilizoharibika na kuweka nzima mahali pake, na kazi hiyo inaweza kufanywa huku barua, picha, vitabu vya hesabu na hata programu zilizomo zikibaki kama zilivyokuwa.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo inaweza kuwa ya kisheria pia. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kuhifadhi rekodi zake kwa miaka 5. Mwenye saiba, zahanati au shule ya chekechea anayeweka nakala za vitambulisho na nambari za simu za watu anabanwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huhesabu hata upotevu wa data kwa bahati mbaya kuwa ukiukaji wa usalama wake.

FAILI NI KITU KIMOJA, PROGRAMU NI KINGINE

Faili ni kile ambacho mwenye kompyuta amekitengeneza au kukihifadhi: barua ya maombi, picha za harusi, jedwali la mauzo. Faili hunakiliwa kwenye flashi na kufunguliwa kwenye mashine nyingine bila shida.

Programu haiko hivyo. Inapowekwa, hutawanya sehemu zake katika folda nyingi na kujiandikisha ndani ya Windows yenyewe. Ndiyo maana anayenakili folda ya programu ya hesabu kwenye flashi, akidhani ameiokoa, hukuta kwamba haifunguki kwenye Windows mpya. Lazima iwekwe tena kutoka kwenye faili yake ya usakinishaji, na mara nyingi kwa namba ya leseni. Ikiwa programu ilinunuliwa miaka sita iliyopita na karatasi ya leseni haijulikani ilipo, basi fedha hizo zimeenda. Kwa hivyo njia inayochaguliwa ni muhimu kuliko ustadi wa anayeifanya.

NJIA TATU, MATOKEO MATATU

Njia iliyozoeleka kwa mafundi ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Windows na kuanza upya kabisa. Njia hii haihifadhi programu hata moja. Diski ikifutwa katika hatua hiyo, faili nazo huenda. Isipofutwa, Windows mpya hukusanya mfumo wa zamani pamoja na faili za watumiaji katika folda inayoitwa Windows.old, na hapo zinaweza kuokolewa, mradi mtu ajue kwamba zipo na azichukue mapema.

Njia ya pili imo ndani ya Windows yenyewe, kwenye mipangilio, chini ya Recovery. Inaitwa "Reset this PC". Inauliza kama faili zihifadhiwe au zote ziondolewe, na hapa wengi hujikwaa. Wanaona maneno "Keep my files" na kutulia. Maneno hayo yanasema faili tu. Programu zilizowekwa na mtumiaji huondolewa, na mwishoni Windows huacha kwenye skrini orodha ya zile ilizoziondoa, jambo ambalo ni faraja ndogo. Isitoshe, ulinzi huo hugusa folda za mtumiaji kama Documents, Pictures na Desktop, lakini si kila folda. Programu fulani za hesabu na za maduka huweka rekodi zao ndani ya folda za programu zenyewe, kama Program Files au ProgramData, na folda hizo hazina ulinzi huo.

Njia ya tatu ndiyo isiyojulikana sana, na ndiyo inayofaa zaidi kwa kompyuta ambayo bado inawaka lakini inasumbua. Usakinishaji huanzishwa ukiwa ndani ya Windows inayofanya kazi, si kwa kuwasha mashine kwa flashi. Windows hujiweka upya juu ya ile iliyopo, ikabadilisha faili zake yenyewe na kuacha faili za mtumiaji, programu na sehemu kubwa ya mipangilio.

KABLA YA LOLOTE: NAKALA

Hata njia ya tatu huweza kukwama. Umeme hupotea, diski kuukuu huchoka katikati ya kazi. Nakala ya faili muhimu itengenezwe kwanza, kwenye kifaa kilicho nje ya kompyuta: diski ya nje, flashi yenye nafasi ya kutosha, au hifadhi ya mtandaoni.

Wengi hudhani wako salama kwa sababu wameweka mambo yao kwenye diski D. Katika laptopu nyingi, C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Fundi akifuta diski nzima, au diski ikifa, vyumba vyote viwili huenda pamoja.

Pamoja na folda zinazojulikana, inafaa kukumbuka vinavyosahaulika: faili zilizo kwenye Downloads, alamisho na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na rekodi za programu ya hesabu. Hizi za mwisho ni bora zitolewe kwa kutumia sehemu ya nakala rudufu iliyomo ndani ya programu yenyewe. Kisha nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, faili mbili tatu zikaguliwe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiaminiki.

Jambo jingine la kutazamwa ni usimbaji wa diski, unaoitwa BitLocker. Laptopu nyingi mpya huwa nao bila mwenyewe kujua. Baada ya mabadiliko makubwa, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufungua diski. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Kwa kompyuta ya ofisi, hukaa na kitengo cha teknolojia cha mwajiri. Utafutwe na kuandikwa kwenye karatasi mapema. Bila ufunguo huo hakuna fundi, awe hodari namna gani, atakayezifungua faili hizo.

KAZI YENYEWE

Kwenye Windows 11 iliyosasishwa, ukurasa wa Recovery una chaguo la "Fix problems using Windows Update" lenye kitufe cha "Reinstall now". Ukibofywa, kompyuta hupakua Windows na kujiweka upya, ikihifadhi faili, programu na mipangilio. Kwa mwenye intaneti ya kutosha, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Mahali ambapo chaguo hilo halipo, faili ya Windows yenye mwisho wa ISO hupakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft. Ni kubwa, zaidi ya GB 5, kwa hivyo ni heri kutumia Wi-Fi badala ya bando la simu. Faili moja hutosha kwa kompyuta nyingi za aina ileile, na majirani wanaweza kugawana gharama. Jambo la kuepuka ni kutumia Windows iliyotoka kwenye flashi isiyojulikana asili yake, au ile inayokuja na kijiprogramu cha kukwepa leseni. Vijiprogramu hivyo ni mojawapo ya njia ambazo virusi huingilia. Na havihitajiki: kompyuta ambayo Windows yake ilikuwa halali hutambuliwa yenyewe baada ya kuwekwa upya, bila kuandika namba yoyote, kwa kuwa leseni imefungamanishwa na mashine.

Faili hiyo ikibofywa mara mbili, hufunguka kama diski. Ndani yake mna setup.exe, na hiyo ndiyo huanzisha kazi. Chaja iwe imechomekwa, programu ya kuzuia virusi isiyo ya Windows izimwe kwa muda, na diski C iwe na nafasi tupu ya GB 20 au zaidi.

Baada ya maswali machache hutokea ukurasa unaouliza ni nini kihifadhiwe. Hapa ndipo pa kusimama na kusoma polepole. Panapaswa kuandikwa "Keep personal files and apps". Ikiwa chaguo hilo limefifia na halibofyeki, usakinishaji usimamishwe hapo hapo; hadi wakati huo hakuna kilichobadilika. Sababu huwa karibu kila mara ni moja kati ya tatu: lugha ya Windows iliyopakuliwa si ile iliyomo, aina yake ni tofauti, kwa mfano Home na Pro, au ni toleo la zamani kuliko lililopo. Inapakuliwa inayolingana, kisha kazi inaanza tena.

Baada ya hapo kompyuta hujizima na kuwaka yenyewe mara kadhaa. Kwenye mashine yenye diski ya zamani inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, na asilimia inayoonekana kwenye skrini inaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Kuizima kwa nguvu kwa kukosa subira ndiyo njia ya uhakika ya kuiharibu. Wanaoishi panapopotea stima mara kwa mara wafanye kazi hii betri ikiwa imejaa. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba isubiri siku stima inapotulia.

Njia hiyohiyo hutumika kuhama kutoka Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwenda Windows 11. Faili na programu huhama pamoja. Ila laptopu nyingi za mitumba hazifikii masharti ya Windows 11, hasa kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na hilo lithibitishwe kabla ya kumaliza bando.

MASHINE ISIYOWAKA KABISA

Windows isipofunguka, njia ya tatu haiwezekani, na lengo la kwanza hubadilika: kuokoa faili, kisha mengine baadaye. Fundi anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kufanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na kunakili faili kutoka humo. Au anaitoa diski na kuiunganisha kwa kebo ya USB na kompyuta nyingine. Kazi zote mbili ni za kawaida, na hakuna sababu ya kuambiwa haziwezekani kabla hazijajaribiwa.

Maneno anayoambiwa fundi yana uzito. "Nitengenezee" haitoshi. Aambiwe waziwazi, ikiwezekana kwa maandishi kwenye risiti: asifute diski, kwanza anakili faili, na apige simu kabla ya hatua yoyote isiyorudika.

PALE AMBAPO KUHIFADHI PROGRAMU SI BUSARA

Kompyuta iliyoshikwa na virusi vibaya, hasa vile vinavyofunga faili na kudai fidia, haifai kutengenezwa kwa njia ya tatu. Programu zinapohifadhiwa, virusi navyo vinaweza kuhifadhiwa. Hapo kufuta diski ndiko kunakofaa, baada ya kuokoa faili safi.

Diski inayotoa sauti ya kugonga, au inayochukua dakika nzima kufungua picha moja, huenda inakufa. Kuiwekea Windows ni kuichosha zaidi. Inakiliwe kwanza, kisha ibadilishwe. Na laptopu ambayo ni nzito tu, haina hitilafu nyingine, aghalabu hukosa kumbukumbu au ina diski ya kuzunguka. Diski ya SSD iliyohamishiwa kila kitu kilichokuwa kwenye ya zamani huisaidia zaidi kuliko Windows mpya, na faili na programu zote hubaki.

BAADA YA KAZI

Programu zifunguliwe moja moja, printa ijaribiwe, na rekodi za hesabu zilinganishwe na nakala. Masasisho ya Windows yawekwe. Folda ya Windows.old isifutwe ili kupata nafasi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowezesha kurudi kwenye hali ya zamani iwapo kuna kilichoharibika. Windows yenyewe huiondoa baada ya siku 10. Ukaguzi wote ufanywe ndani ya muda huo, na nakala ya nje ibaki bila kuguswa mpaka ukaguzi ukamilike.